Kilo Kumi na Tano

Saa moja na nusu, lami haijashika moto,
naikalisha mizani sakafuni, naugonga mshale urudi sifuri.
Hii ni mizani ya Kibirizi, ilipima dagaa miaka sita
kabla kampuni haijainunua. Mvua ikinyesha
bado inanukia mwalo, na wageni
huinua viatu vyao kimojakimoja kuangalia soli.

Kilo kumi na tano kila kichwa, begi laini, lisiwe na magurudumu.
Imeandikwa kwenye karatasi zao, wao huisoma wakishafika Kigoma.
Ndege yenyewe panga moja, viti kumi na viwili,
inawapeleka Mahale kutazama sokwe.
Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine
anayekodi ndiye ratiba.

Basi wanafungua mabegi mbele yangu.
Nimeona mashine za kukaushia nywele, mbili, ya mke na ya mume.
Nimeona chupa ya mvinyo imevishwa soksi.
Nimeona pasi. Mtu anaingia msituni na pasi!
Naviandika daftarini: jina, tarehe, *atachukua akirudi.*
Wanarudi siku ya tano, matope magotini,
wanaipita rafu yangu kama kaburi la mtu wasiyemjua.

Kisha nawapima wenyewe.
Hapo ndipo kicheko kinapokatika.
Mtu mzima anavua koti, anavua saa, anatoa sarafu,
ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemnenepesha.
Nasoma kimya, naandika kimya.
Kapteni Lyatuu anataka hesabu tu: wazito mbele,
wepesi mkiani, tusije tukapaa na pua juu kama mbwa anayenusa.

Shuleni Ujiji, Bi Mwamvita alitufundisha mizani kwa vidole,
nane huku, nane kule, mshororo usipungue wala usizidi,
na vina viitikiane.
Nikauliza: na kina cha ziwa je?
Darasa zima likacheka, naye akacheka.
Niliacha shule kidato cha pili. Swali nikaondoka nalo.

Wakati wa kurudi nawapima tena,
na hapo begi la kilo kumi na nne limekuwa kumi na sita.
Siulizi. Nanyoosha mkono tu.
Chupa ya maji inatoka, haina maji: mchanga.
Mchanga wa ufukweni, mweupe kama unga wa muhogo.
Sheria ya hifadhi, usitoke hata na jani.
Mmoja, mzee mwenye masikio mekundu, alilia kweli,
akaikumbatia chupa yake, mke wake akamshika bega.
Nilimwachia kijiko kimoja kwenye karatasi ya peremende.
Mwajiri wangu asisome hapa.

Uliobaki naumwaga nyuma ya ofisi,
kati ya pipa la maji na ukuta, panapoanikwa mahindi.
Mwaka wa nne sasa, chupa kwa chupa,
pamekuwa pwani ya hatua tatu.
Mchana ndege ikishapotea nyuma ya milima
navua viatu, nasimama pale.
Mahale sijafika. Miguu imefika.

Kapteni husema, siku kiti kikibaki nitakuchukua.
Kilo zangu nazijua, sitini na moja na kanga.
Viti hubaki. Siku hizo huwa ana haraka.

Butoyi akitoka shule hupitia huko huko nyuma.
Ndiye aliyekuja wa pili, na ndiye aliyebaki;
wa kwanza, Bukuru, hatukuwahi kumpima.
Anachimba, anajenga, ananipigia kelele ukutani:
Mama, mimi niko Mahale, chai ikiiva uniite!

Jana aliingia ofisini mifuko ya sketi imevimba,
akapanda mizani bila kuambiwa, mchanga ukichuruzika,
mikono imenyooka ubavuni kama mgeni aliyelipa.
Mshale ukaondoka, ukatikisika, ukatulia.

Mama, nimezidi?

Umezidi, nikamwambia.
Panda tu.